Swali la Mpiga Picha

Jumatatu, 5 Juni 1978

— na tena nilikuwa nimependeza! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kitenge kipya cha dukani kwa Mzee Ishwarlal, shanga za mama, mtungi kichwani. Ilikuwa siku ya tatu ya ndoa yangu! Kwa kina mume wangu Makoye, bibi harusi huchota maji lamboni, kwenye bwawa la mvua, pale alipochota mama mkwe alipoolewa. Heshima tu. Maji yenyewe tulimwagilia mboga. Ya kunywa tunapiga pampu — kisima alichokichimba Makoye wangu mwenyewe! Mpiga picha wa Kizungu akasema, "Bibi, cheka." Nikacheka. Mjinga mimi!

Leo Bwana Yopi, bosi wa mradi wa visima, kaleta gazeti la kwao Ulaya. Mimi huyo, nusu ukurasa, matope hadi magotini. Akatusomea maneno ya chini: tumewapa pampu, bado wanakunywa tope.

Jumatano, 7 Juni

Kumbe si picha tu. Gazeti liliwatuma watu nyumba kwa nyumba huko kwao kuuliza maoni. Makoye akataka kujua waliulizaje. Bwana Yopi akakuna kichwa: waliwaonyesha picha kwanza. Halafu: je, kodi zetu ziendelee kwenda kwa watu wasiotumia pampu? Wengi wakasema basi. Mwaka jana waliulizwa kama watoto wapate maji safi, karibu wote wakasema ndiyo. Watu walewale! Limebadilika swali.

Wakubwa wao wameogopa. Visima vimesimamishwa. Makoye hana kazi.

Kaka yake, Ngassa, anamwita Nyarugusu kwenye mashimo ya dhahabu. Jirani yetu Pantaleo aliingia shimo la huko, likamfukia. Mume wangu wa miezi miwili! Mikono ile!

Haki ya Mungu, yule mpiga picha nitamkomesha.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekwenda kwa Mabula, manju wetu, kiongozi wa ngoma. Msimu wa ngoma ndio huu. Kwetu maoni yanapimwa kwa miguu: ngoma mbili zinapigwa pamoja, watu wanahamia inayowapendeza, upande uliobaki mtupu umeshindwa. Nimemtungia wimbo wa mpiga picha — pua yake, kaptula yake, uongo wake. Mabula alicheka hadi akakaa chini.

"Mayu, wewe mwanamke mbaya!"

Bado! Siku mpiga picha akirudi tutamsimamisha upande mmoja, mimi upande wa pili. Nitauliza uwanja mzima: anayempenda mwongo aliyemwaibisha bibi harusi, asimame naye! Atabaki peke yake, na Bwana Yopi ampige picha hivyo hivyo. Nusu ukurasa!

"Lakini mke wangu," Makoye akasema, "swali hilo limeshajijibu."

"Ndiyo! Nimejifunza kwao!"

Akanishika mkono. Mbele ya mama yake!

Jumatatu, 12 Juni

Makoye ameondoka alfajiri na lori la pamba, kwenda Nyarugusu. Kaacha shati. Nimelinusa mpaka nimeona aibu.

Mchana kaja Bwana Yopi. Eti mpiga picha anarudi mwezi huuhuu, anamtaka tena bibi harusi pale lamboni. Nitakubali? Nikainamisha macho, nikatabasamu kama siku ile. Mwambie karibu sana. Mwambie nitavaa kitenge kilekile.

Kwa Mabula ngoma zinalia, wanajaribu wimbo wangu. Makoye alining'inia nyuma ya lori akipiga kelele: wasiuchoshe, na yeye ausikie, atakuja kuniona kabla mwezi haujaisha. Ee Mungu, yeye na mpiga picha wafike siku moja —