Nusu Posho

Mbuji, Jumanne

Sielewi nilikosea wapi. Nilikuwa jikoni nasahihisha madaftari ya historia, mama mkwe, huku akisonga ugali, akaniuliza leo nimefundisha nini. Nikamwambia habari za askari wa Marekani wa zamani, walivyolishwa nyama ya chumvi na unga wa ngano, na ngano ikikosekana wanapewa wa mahindi.

"Kumbe walikula ugali! Nani aliwasongea?"

Nikasema wapo wanawake waliofuatana na jeshi, wakifua na kupika, wakapewa nusu ya posho ya askari.

Mama akaacha kusonga. "Nusu? Anayepika ndiye apewe nusu?" Alikasirika kweli, kama vile mimi ndiye niliyewagawia.

Halafu akapakua. Mume wangu alipata bonge la ugali na usipa mwingi, dagaa wa ziwani, mimi nikapata wangu, mama mwenyewe akabaki na sufuria anakwangua ukoko. Nikamkatia nusu ya ugali wangu. Akanirudishia.

"Kula mwanangu, mimi nimezoea."

Miaka sita niko nyumba hii, na siku zote nilidhani anapenda ukoko.