Sadala na Maelezo Marefu

Mwaija, huyu Sadala ana wazimu! Niko Mkata kwenye mafunzo ya kompyuta ya chama cha wafugaji, mpaka sasa hasira hazijaniisha.

Naisula wetu alikuwa anasoma maelezo ya programu ya kunakili mafaili, yale marefu yanayofunguka humo humo kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri. Sadala, ndiye mkufunzi, akamcheka mbele ya watu. "Nani asome gazeti lote hilo? Mimi nina muhtasari, mifano mitano tu, kazi imeisha."

Naisula akamwambia muhtasari unamfaa anayejua tayari, ila hauelezi kila neno la amri linafanya nini.

Unajua alijibiwaje? "Hapa hatuchungi ng'ombe, dada." Hatuchungi ng'ombe! Kwenye chama cha wafugaji!

Sadala akanakili mfano wake, akabonyeza. Orodha yote ya chanjo za mifugo ikafutika. Miezi minane ya kazi ya Naisula, Mwaija!

Halafu anathubutu kuuliza, "Nani amegusa hii kompyuta?"

Naisula hakupiga kelele. Akafungua yale maelezo marefu kwenye projekta, akasoma taratibu: neno moja kwenye mfano wa Sadala linafuta, kule nakala zinakopelekwa, kila faili lisilokuwepo kule zinakotoka.

Sasa Sadala kamfuata nje, anamuuliza kwa kunong'ona kama ana nakala ya orodha. Anayo, kwenye flashi. Naisula akamwambia, "Umenitukana ndani. Rudi ndani uniombe radhi, wote wasikie."

Sadala ameshika kitasa cha mlango, Mwaija. Dakika ya tano hii, na haingii.