Skrubu Nane Shingoni

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Kola imevuliwa! Miezi mitatu nimevaa ile plastiki, shingo inawasha, jasho linanuka. Leo kliniki kule Lindi daktari kasema vua, kisha kanionyesha picha. Mimi huyo! Bamba moja limepigwa kwenye fuvu kisogoni, fito mbili zinashuka shingoni, skrubu nane. Titaniamu. Nani mwingine Rutamba nzima ana titaniamu mwilini? Hata mwenyekiti wa kijiji hana.

Daktari kaongea sana. Eti chuma hakiponyi, kinashikilia tu, kinausubiri ule mfupa walionichota nyongani ushike. Na mfupa bado mbichi. Kwa hiyo hakuna kubeba mzigo kichwani mpaka Januari. Na nikisikia ganzi mikononi, hospitali siku hiyohiyo. Sawa, sawa. Mimi nilikuwa naangalia picha.

Jumapili, 13 Oktoba

Watu wamejaa nyumbani kunitazama. Tangu nidondoke kwenye mkorosho nikipogolea sijapata heshima hii. Watoto wanataka kugusa kisogo. Nawaruhusu, mmojammoja.

Valerian naye kaja, katoka kanisani na shati lake jeupe. Huyu ni kibarua wa ghala la korosho, Mmatumbi wa Kipatimu, na sisi Wamwera ni watani wake. Akutukane vipi, ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Kanizunguka kama mnunuzi wa mbuzi.

"Mtani, ukifa tusikuzike na mali. Hicho chuma changu, nakipeleka kwa wa skrepa."

Nikamgeukia kumjibu. Sasa mimi nikigeuka nageuka mwili mzima. Akapiga makofi: "Fisi huyo! Fungeni mbuzi!"

Mama kacheka mpaka kashika ukuta. Mama mzazi!

Jumanne, 15 Oktoba

Leo nimewaonyesha.

Nilipita ghalani kusalimia tu. (Zakia anashona magunia pale, lakini sikumfuata yeye. Nilipita tu.) Valerian kaanza: chuma cha Mmwera ni pambo, kama jino la dhahabu, hakina kazi. Zakia kacheka. Kacheka na meno yote!

Nikasema nitwikeni. Valerian akasema acha, mtani, mimi natania. Wengine wakanitwika nusu gunia. Nikatembea mpaka kwenye mzani na kurudi, mikono kiunoni. Shingo imenyooka, haitikisiki, utadhani nguzo ya umeme! Vigelegele! Zakia kaniita jembe.

Wakati wa kutua nilisikia kitu kisogoni. Ka! Kidogo tu. Labda gunia.

Jumatano, 16 Oktoba

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimelala. Nilikilalia, basi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Viwili sasa. Kikombe cha chai kimeniponyoka. Mama kasema nimezoea kudekezwa.

Valerian alikuwepo, kaona. Kanivuta nje ya uzio. Kaniuliza tangu lini. Nikamwambia jana. Kasema mwambie mama yako leo hii, la sivyo namwambia mimi. Nikamwambia thubutu! Mama aliuza mbuzi wake wote kwa ajili ya shingo hii. Alilala kwenye korido ya hospitali Dar wiki tatu, kwenye khanga. Nikamwambie nini? Kwamba Zakia alicheka?

Ijumaa, 18 Oktoba

Kathubutu. Nimetoka msikitini namkuta uani, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Leo sitanii."

"Marahaba. Mmatumbi asiyetania bado hajazaliwa."

"Haki ya Mungu, mama. Yassin kabeba gunia ghalani. Sasa mkono unakufa ganzi. Mpeleke hospitali."

Mama kaweka ungo chini. "Na wewe umeshakuja kupima jeneza? Au mnunuzi wa skrepa kafika?" Akacheka mpaka machozi, akampa mhogo wa kuchemsha: "Kula, ukifunge hicho kinywa."

Valerian kaapa tena. Mama kazidi kucheka. Ndipo Valerian kanitazama mimi — nimuunge mkono.

Nikacheka. Kwa sauti kubwa kuliko mama.

Kaondoka na mhogo wake, hajaula.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kifungo cha shati kimenishinda asubuhi hii. Mama kaja kunifunga, anaimba. Nikaona bora niseme sasa hivi, kabla sijafikiri.

"Mama, la gunia ni kweli."

"Na wewe umekuwa Mmatumbi?"

"Nichome kidole, uone."

Kachomoa pini kwenye ushungi, kashika mkono wangu wa kushoto. Anacheka bado. Mimi siwezi kuinamisha kichwa, naangalia mlango tu. Nasubiri. Nikamwambia choma basi, mama.

Kumbe ameshachoma. Mara tatu.

Sasa kanilaza chali, kanizungushia mito, kasema nisijigeuze. Naandika daftari likiwa hewani, kwa mkono wa kulia, huu mzima. Yuko nje anatafuta gari kwa simu. Pikipiki kakataa. Hajanigombeza hata neno moja — afadhali angenigombeza!

Valerian kaja, kasimama mlangoni. Nimemwambia karibu, mrithi, skrepa yako ndiyo hii imelala hapa, ipime.

Kavua kofia. Nikamwambia tania basi, mtani.

Kaja kitandani, kapiga magoti, anamalizia kunifunga vifungo.