Gemu Imenifundisha Kurudi Nyuma, Nani Atanifundisha Kusimama?

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa, mimi ni msichana mwenye aibu sana, shuleni tunasoma kwa lugha mbili na naweza kunyamaza kwa zote mbili, na sasa Jumamosi inakuja na bado sijasema.

Mama yangu ni mwalimu wa udereva. Gari lake la kazini lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wake, na hiyo ya kwake ameikanyaga miaka mingi mpaka mguu wake wa kulia umekuwa na akili zake wenyewe, yaani hata tukiwa sebuleni tunaangalia filamu, gari likikaribia kona kwa kasi mguu unakanyaga sakafu, na kwenye gari letu la nyumbani, ambalo ni la kawaida lina breki moja tu, baba akiendesha yeye anakanyaga chini mpaka zulia la upande wake limetoboka. Baba humtania, "Mama Breki, leo utatusimamisha kwa zulia?" Mama hukana kabisa. "Mguu wangu umetulia hapa, wewe angalia mbele."

Sasa mimi nina gemu ya kuendesha magari, aliniachia binamu yangu alipohama, pamoja na usukani wa plastiki wa kubana mezani na pedali zake, na mama anaiita upuuzi wa kuharibu macho, kwa hiyo huwa nacheza yeye akiwa kazini. Nacheza sana. Naweza kuingiza lori kinyumenyume ndani ya ghala bila kugusa ukuta. Kwa hiyo nilipopata leseni ya kujifunzia na mama akanikalisha kwenye usukani kwa mara ya kwanza, pale kwenye uwanja wao wa mazoezi, akaniambia nirudi nyuma katikati ya koni, taratibu, nisiogope, mimi nikaangalia vioo nikarudi mara moja nikaingia, hata koni moja haikutikisika. Mama akajipiga paja akacheka. "Huyu nimemzaa mwenyewe! Wanafunzi wangu wanalia hapa, mtu mzima na ndevu zake analia hapa!" Hapohapo akampigia simu mama mdogo, akaweka spika, huku akiniashiria nizunguke uwanja polepole.

Nikazunguka. Mzee anayefagia uwanja akatokea nyuma ya gari lililoegeshwa, anasukuma toroli la majani, akapita mbele yangu bila haraka, na mimi nilimwona, mshauri, nilimwona vizuri kabisa, ila nilikuwa nasubiri aruke. Kwenye gemu yangu watu huruka wenyewe. Ukiwafikia wanaruka pembeni, wanakutukana kidogo, unaendelea na safari yako. Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta na haukusogea, na gari likasimama kwa kishindo, likazima, toroli likiwa pale puani kabisa.

"Umesikia hiyo?" mama akamwambia mama mdogo. "Mtu kapita ghafla, katoto kamekanyaga breki kabla mimi sijafumbua mdomo!"

Yule mzee akaniinulia mkono kunishukuru. Nikatazama chini, nikaona kiatu cha mama kiko juu ya pedali yake, na yeye mwenyewe hajui.

Tangu siku hiyo ameshautangazia ukoo mzima. Jumamosi tunakwenda kwa bibi na amesema nitaendesha mimi, barabara kuu, kwa gari la nyumbani, baba atakuwa kazini, mama atakaa kando yangu na mdogo wangu tunayemwita Bosi atakaa nyuma, na mashangazi watatusubiri getini na simu zao wapige picha. Kila nikitaka kusema naona anavyonitazama siku hizi, hajawahi kunitazama hivyo kwa jambo lolote, hata matokeo yangu ya mtihani. Je, gemu imenifundisha kuendesha au haijanifundisha? Kama imenifundisha kurudi nyuma, kwa nini haikunifundisha kusimama? Na nikisema ukweli, si ataona hata zile koni nilimdanganya?

Jina langu naomba lisitoke.

Wa Usukani wa Plastiki

*

Binti yangu wa Usukani wa Plastiki,

Marahaba. Pumua kwanza. Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote kwa sababu Jumamosi haina subira.

Swali lako lilinishinda, kwa hiyo nilikwenda kuazima gemu ya mpwa wangu. Mimi naendesha gari tangu wewe hujazaliwa. Sikukaa sana nikawa nimeingia na basi ndani ya duka la viatu, na mpwa wangu akaniuliza, "Shangazi, leseni ulipewa au uliokota?" Sasa tazama ajabu hii: mikono yangu ya barabarani haikunisaidia kitu mezani, lakini mikono yako ya mezani ilikusaidia uwanjani. Nadhani ni kwa sababu kurudi nyuma ni kujua umbo la gari, ukikata usukani hivi mkia unakwenda wapi na pua inafuata vipi, na hilo unaweza kulisoma kwenye skrini ukalielewa. Ulilisoma kwa bidii. Koni hukumdanganya mtu, zile ni zako.

Lakini na mimi niliwakuta hao watu wanaoruka. Wa kwanza nilimkanyagia breki nikapiga kelele. Wa tano nilipunguza mwendo. Wa kumi sikujisumbua, nikapita zangu. Mtu mzima, na miwani yangu usoni! Gemu haikusahau kukufundisha kusimama, mwanangu. Ilikufundisha kutosimama, na wewe ukafaulu.

Sasa nikugombeze. Aibu si kosa, ila hiyo ya kwako unataka kuipakia garini pamoja na Bosi. Upande wa mama, kwenye gari lenu, kuna nini? Zulia lenye tundu. Wewe unajua, yeye hajui, halafu unaniuliza mimi kama useme?

Leo hii akirudi, kabla hajavua viatu, mwambie: "Mama, siku ile breki ilikuwa ya mguu wako." Usizungushe. Atakataa, kama anavyomkatalia baba. Usibishane. Mwombe mrudi uwanjani na gari la breki mbili, saa ambayo hakuna watu. Tafuteni boksi tupu kubwa, mlifunge kamba ndefu, baba asimame mbali kabisa alivute lipite mbele yako bila kukuambia lini. Mama akunje miguu juu ya kiti. Boksi haliruki. La kwanza pengine utaliponda, na ni sawa, ndiyo kazi yake. Endeleeni mpaka mguu wako utoke kwenye mafuta ukanyage breki bila kuulizwa, kama wa mama.

Jumamosi aendeshe yeye. Mashangazi wampige picha yeye. Atanuna kidogo, lakini mwalimu wa udereva akishaelewa kwamba mwanawe amemwambia ukweli kuhusu breki, hatanuna mpaka kwa bibi. Na gemu usiifiche tena. Mkalishe mezani aijaribu, umwone anavyogonga, mtacheka wote. Wewe ukicheza, simama kwa kila mtu, hata kama mchezo wenyewe hauna habari naye.

Nimebadilisha mawili matatu usitambulike, lakini mama aliyetoboa zulia atajitambua kabla hajamaliza barua yako. Usiache gazeti hili likutangulie.

Yule mzee wa toroli hakuruka kwa sababu alikuamini. Ukishazoea boksi, nenda ukamzungukie tena uwanjani, simama, apite. Akikuinulia mkono, safari hii uupokee.