Shingo ya Besi Uliyokataa Kuifunga kwa Skrubu

Kaka Deo,

Nimekukasirikia, na inachosha kumkasirikia mtu asiyeweza kunijibu.

Ni lile gitaa la besi. Ulipolitengeneza kwenye karakana yako pale Chanji, nilikwambia shingo uifunge kwa skrubu nne kama magitaa mengine, ili ikisumbua ifunguliwe. Ukacheka. "Hiki siyo kitanda cha kubomoa na kuhama nacho," ukasema. Ukachonga ulimi mwisho wa shingo, ukauzamisha kwenye mwili wa gitaa, ukapaka gundi. Eti mbao zikishikana hivyo, uzi ukipigwa hulia muda mrefu zaidi. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na tuliendelea kubishana mpaka ulipougua.

Basi sikia. Kiangazi hiki upepo wa huku kwetu umekausha kila kitu, na gundi yako imeachia. Nyuzi zikavuta shingo, ikainuka. Katikati ya misa hapa Malangali nabonyeza uzi kwa nguvu zangu zote, unakwaruza tu, kwaya nzima inanigeukia. Mwalimu wa kwaya akaniinamia, akaninong'oneza, "Dada Sabina, hebu pumzika kidogo."

Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaligeuzageuza akitafuta skrubu. "Aliyetengeneza hili alikuwa anagombana na nani?" Nikamwambia, na mimi. Halafu nikaanza kukutetea, kaka, kwa maneno yako yaleyale ambayo sijawahi kuyakubali. Nilijishangaa.

Fundi akasema dawa ni kutoboa na kutia skrubu. Nikampigia Mama, kule Mwazye. Akakataa. "Mwanangu hakuweka skrubu. Usiiharibu kazi yake." Nikamuuliza, kwa hiyo likae ukutani lijae vumbi? Kisha akasema, "Basi toboa wewe mwenyewe. Asilitoboe mtu asiyemjua."

Mimi, ambaye hata rafu ya jikoni ulinipigilia wewe. Nikaweka kitambaa kibichi kwenye kiungo, nikapitisha pasi ya moto juu yake, mvuke ukalainisha gundi iliyobaki, shingo ikatoka nzima. Nikaukwangua ulimi, nikaurudisha mahali pake, nikatoboa kutokea mgongoni na kukaza skrubu nne juu ya kibati. Ile ya kwanza niliikaza polepole. Nikalia, halafu nikakasirika kwamba nimelia.

Jumapili nikapiga. Wimbo ulipoisha nikauacha uzi mnene uendelee kulia peke yake, nikasikiliza mpaka ukazima. Kaka, hakuna tofauti. Hata chembe. Miaka yote ile tumegombania kitu ambacho mimi sikisikii. Nikainua kichwa haraka nikutafute nikwambie, nikakuta waumini wanakaa, padri anasubiri tunyamaze.

Najua ungesema masikio yangu ndiyo mabovu. Ungesema hivyo mbele ya watu, bila aibu, na mimi ningekujibu, tukafika nyumbani bado tunabishana. Sasa nimeshinda, na sina wa kubishana naye. Umeniudhi sana, kaka. Sijui nifanyeje na ushindi huu.

Haya, pumzika. Kabla mvua hazijaanza nitakuja Mwazye, nilijengee kaburi lako vizuri, nikae na Mama siku chache. Na besi sitaiacha. Nitapiga kila Jumapili.

Mdogo wako,
Sabina