Karatasi ya Saunani

Jumatatu, 14 Januari

Barua kutoka serikali ya jimbo! Minnesota nzima ina wakandaji wangapi, wakaniona mimi? Jina limefika mbali, si mchezo.

Mke wangu Aili kaisoma. Eti asiye na leseni ruhusa kukanda na kuumika, ila asijiite daktari, wala asimtajie mtu ugonjwa wake. Tena abandike karatasi pale anapotibia, yenye masomo yake yote, na mteja atie sahihi kabla hajaguswa. Mkaguzi, Bi Dahlquist, anakuja Jumatatu ijayo. Asipoikuta, nafunga kazi.

Masomo yangu yote! Karatasi moja itatosha kweli?

Jumanne, 15 Januari

Nimeandika: "Amesoma Helsinki miaka saba." Aili kacheka mpaka kakaa chini. Eti Helsinki nilikaa uwanja wa ndege kwa muda wa saa mbili tu, na nikapotea. Haya, nimefuta. Sasa inasema: "Alifundishwa na bibi yake, kwa kukanda kondoo."

Lakini kondoo mia tatu! Na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Alhamisi, 17 Januari

Natibia saunani, chumba chetu cha kuogea mvuke, kwa hiyo karatasi nimeibandika saunani. Nikamwagia mawe maji. Mvuke ukapanda—wino wote chururu! Limebaki neno moja: kondoo.

"Hapo sheria imetimia, bwana," kasema Aili. Kaandika nyingine, akaitia kwenye mfuko wa plastiki wa samaki.

Jumamosi, 19 Januari

Naandika nikiwa kwenye korido ya hospitali.

Shemeji Reino, kaka yake Aili, alikuja kukandwa kama kila Jumamosi. Nikampa karatasi aisome, atie sahihi.

"Kondoo! Miaka thelathini unanifinyanga, shemeji, kumbe mimi ni kondoo wako wa majaribio?"

Akacheka. Halafu akashika kifua. Bega la kushoto linauma, anasema. Jasho linamtoka—na moto ndiyo kwanza nimeuwasha! Nikamwambia vaa, twende hospitali. Akagoma. Hospitali ya nini? Eti mimi si niliutibu moyo wa mchungaji wa kanisa kwa vidole vitatu?

Hadithi yangu hiyo. Naisimulia kila Krismasi, na kila mwaka vidole vinapungua.

Nikasema: Reino, mchungaji alikuwa na kiungulia. Alishindilia samaki wa chumvi. Nilimsugua mgongo, akacheua. Basi.

Akanitazama, we! Kisha akavaa buti. Aili aliendesha gari kama mwizi.

Saa nzima sasa yuko ndani. Muuguzi ndiyo katoka, na kalamu. Anasema bado wanahangaika naye. Anauliza ni nani aliyejua kuwa ni moyo.

Swali tamu hivyo! Maisha yangu yote nalingoja. Aili kanikanyaga mguu. Kisheria mimi siruhusiwi kujua. Nimemwomba muuguzi dakika moja, namalizia sentensi. Kasimama tu hapo, ananisubiri. Aili hajaondoa mguu—