Naunga Mkono Hoja

Jumanne, 4 Juni

Muswada wa zahanati umesomwa leo. Wanataka kufunga zahanati zote ndogo, watu wote waende hospitali kuu. Waziri anaita "kuunganisha huduma." Mwanamke mwenye uchungu ataunganishwa vipi na hospitali ya mwendo wa nusu siku?

Shangazi ndiye mkunga wa zahanati yetu. Mikono yake ndiyo iliyonipokea mimi, na nusu ya wapiga kura wangu. Nimeomba kuchangia kesho. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Jumatano, 5 Juni

Sijui niandikeje.

Nilisimama. Niliongea vizuri — najua, maana hata mawaziri wa chama changu waliweka simu chini. Nikamtaja Shangazi, kandili lake, ile njia yetu wakati wa mvua. Nikasema muswada huu utazika mama na watoto. Kengele ikalia, muda umekwisha, nikafunga kama ninavyofunga siku zote: "Baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja."

 Ukumbi mzima ukacheka. Spika akasema ahsante, mheshimiwa ameunga mkono, tuendelee. Nikainuka kusahihisha. Kipaza sauti kilishazimwa.

Tangu niingie bungeni nimechangia barabara, mbegu, bajeti, na kila mara nimemaliza hivyohivyo. Jirani yangu wa kiti ndiye aliyenifundisha, yule tunayemwita Mzee Taratibu kwa kupenda kulalamika kwamba utaratibu umevunjwa. Mwanzo shukuru, mwisho unga mkono, hapo katikati sema utakacho, hakuna anayesikiliza. Nami nikashika somo. Kasuku ana afadhali, yeye hakuchaguliwa na mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Redio imetoa sentensi moja tu. Ng'ombe mzima wamemtupa, wamewapelekea watu mkia.

Mzee Taratibu ananifariji: maji yakimwagika hayazoleki. Aliyenifundisha kuyamwaga ni nani?

Mume wangu kapiga simu. Sokoni wanasema nimenunuliwa, wanabishania bei tu. Akacheka kidogo. Nikamkatia.

Shangazi hajapiga. Huyo ndiye ninayemwogopa.

Jumatatu, 10 Juni

Mnadhimu wa chama, mchunga kura zetu, kaniita ofisini. Kiti kimoja tu, chake. Nikasimama mbele ya meza kama mwanafunzi mtoro.

Akanipongeza! Eti nimeonyesha ukomavu, nimekosoa kisha nikaunga mkono. Nikamwambia nilikosea. Akasema wala, hukukosea, na kesho usikosee. Kura ni ya kuitwa majina. Sema ndiyo, au ikikushinda toka ukanywe chai, asiyekuwepo hana kosa. Nikauliza, na nikisema siyo? Akasema basi uchaguzi ujao chama kitatafuta mtu anayejua anachosema.

Nikatoka nikiubamiza mlango. Kumbe ni ile milango ya kujifunga yenyewe polepole. Haukutoa hata sauti. Nikabaki koridoni, nimenyimwa hata kishindo.

Jioni Shangazi kapiga. Hakunilaumu. Kasema yuko kwenye basi, kesho atakaa roshani ya wageni. "Redio siiamini, mwanangu. Nakuja nikutazame mdomo."

Jumanne, 11 Juni

Naandika humuhumu ukumbini, nyuma ya karatasi za ajenda. Karani anaita majina kwa alfabeti. Ndiyo. Ndiyo. Siyo moja, ya kunong'ona. Ndiyo. Viti vingi vitupu, wenyewe wako chai. Mzee Taratibu, aliyeulaani muswada huu jana koridoni mpaka akapaliwa, ameitwa. Ndiyo. Hakunitazama. Ningeweza kumpiga na ajenda.

Shangazi yuko juu, mstari wa mbele, na sare yake nyeupe ya kazi. Askari amemwambia asiegemee ukingo. Ameegemea.

Mnadhimu kapita nyuma yangu, kaniinamia sikioni: chai inapoa, mheshimiwa.  Bado amesimama hapo, nasikia manukato yake.

Wamefika herufi yangu. Yale maneno ya mazoea yako palepale kwenye ncha ya ulimi, yanangoja. Narudia lingine kimoyomoyo, neno moja tu, nisije nikateleza.

Mzee Taratibu ananivuta nguo. Kaa, jina lako bado.

Najua bado. Naandika nimesimama.